Tulikwenda Mwanza Watatu

Wenzangu wa chumba cha walimu, tangu nirudi mmeniuliza habari za safari, na kila mara nimewajibu kwamba ilikuwa nzuri na mama anaona. Yote mawili ni kweli. Lakini mwalimu wa hesabu amenisimamisha mara tatu pale kwenye tangi la maji akisema uso wangu hausemi hivyo, na mimi si mtu wa kungoja kuulizwa mara ya nne. Kwa hiyo nimeandika. Habari za barua ya rufaa na mihuri yake sitazisema, mnazijua. Nitasema yaliyobaki.

Kwanza mjue hili. Mama yangu, Ma Paskazia, hajapanda chombo cha majini tangu nikiwa na miaka tisa. Mwaka huo mdogo wangu Kemilembe, tuliyemwita Kemi, alipotea ziwani. Alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tunacheza kujificha, mimi nimeegemea mti, nimefumba macho, nahesabu mpaka ishirini. Katika mchezo wetu, aliyejificha akiwahi kurudi kimyakimya akakugusa mgongoni kabla hujamaliza kuhesabu, amekushinda. Nilifika ishirini bila kuguswa. Walimtafuta siku tatu, wakaacha. Jina lake halikutajwa tena nyumbani, na mimi sikuulizwa kitu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuulizwa.

Sasa macho ya mama. La kushoto lilikwisha zamani, baada ya mtu mmoja wa kupitapita vijijini kulichoma kwa sindano. La kulia lilianza kuwa jeupe taratibu, na kwa miaka minne mama alikataa hospitali. Mwaka huu mganga wetu wa zahanati alimmulika kwa tochi akamwambia, "Bibi, huyu ni mtoto wa jicho. Nenda Mwanza, atatolewa." Kiswahili cha mama ni cha kuombea chumvi tu. Akaniuliza kwa Kihaya, "Amesema mtoto?"

"Ndiyo, mama. Mtoto wa jicho."

"Na wanaweza kumtoa?"

"Wanaweza."

"Basi twende."

Nilifurahi, nikajisifu kimoyomoyo kwamba hatimaye maneno yangu yamemwingia. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita.

Kutoka nyumbani hadi Biharamulo

Tungeweza kupanda meli Bukoba na kuamka Mwanza. Kwa ajili ya mama tulizunguka kwa barabara. Hata hivyo mbele kulikuwa na kivuko cha Kamanga kisichokwepeka, nami nilikuwa nimeamua kutomwambia. Mtu asiyeona unaweza kumvusha maji akadhani yuko darajani, nilijiambia. Ndivyo nilivyo, mnanijua.

Siku hizi za biashara huria kila mwenye injini na kopo la rangi ana basi. La kwetu lilikuwa jipya kwa rangi tu. Kondakta alipotufikia akauliza, "Nyie wangapi?"

"Watatu," mama akajibu kabla yangu, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Kondakta akatazama kiti, akanitazama. Nikamwambia tuko wawili, bibi ni mzee. Mama hakubisha. Alijisogeza dirishani akaacha nafasi ya shibiri mbili hivi kati yake na mimi, na mwanamke mmoja alipotaka kujibana pale alimwambia pana mtu. Nikaona aibu, nikamwomba radhi yule mwanamke. Alibaki amesimama mpaka Biharamulo, na hata basi lilipoyumba hakuegemea upande wetu.

Biharamulo tulikaa toka saa nne asubuhi hadi saa tisa. Porini kulikuwa na majambazi, hivyo mabasi yalisubiriana yaende kwa msafara na askari. Tulikaa kwenye kivuli cha duka tukala ndizi za kuchoma. Mama alikula nusu ya yake, nusu akaifunga kwenye jani.

"Unamwekea nani?"

"Njaa ya safari huja baadaye," akasema.

Kando yetu alikaa mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga wa miezi minane au tisa. Mtoto yule alikuwa akimtazama mama yangu, au niseme sawasawa, alikuwa akilitazama jicho lake la kulia, lile jeupe. Alilitazama kwa muda mrefu bila kupepesa. Halafu akacheka, kile kicheko cha watoto wanapochunguliwa na mtu wanayemjua nyuma ya mlango. Akainua mkono akapunga. Mama yake akamgeuzia upande mwingine, akageuka tena. Yule mama kijana akakusanya vitu vyake akahamia juani, na jua la saa saba la Biharamulo si jua la mtu kulihamia kwa hiari.

Mama yangu alikuwa akitabasamu.

Geita

Geita tulifika jioni, springi imekatika, tukalala nyumba ya wageni iliyojaa watu wa dhahabu. Asubuhi tulikwenda mgahawani. Dada aliyetuhudumia alileta viazi vitamu, chai, na vikombe vitatu.

"Nani kakuambia watatu?" nikamuuliza, kwa sababu safari hii nilikuwa na hakika mama hakufungua mdomo.

"Si mmeingia na mtoto?"

"Mtoto gani?"

Alitazama chini ya meza. Akatazama mlangoni. Kisha akachukua kile kikombe cha tatu, akakibeba kwa mikono miwili kama kimejaa, akaondoka nacho, na tangu hapo tulihudumiwa na mtu mwingine. Nilitaka kucheka. Badala yake nilimkasirikia mama bila kujua kwa nini.

Mzee mmoja wa meza ya jirani, Mjita kwa matamshi yake, alikuwa ameona jicho. Alikuwa na mkoba mdogo wa ngozi. "Shikamoo bibi," akasema, ingawa hawakupishana sana umri, kisha akanigeukia mimi. "Mnampereka Mwanza kufanya nini? Hii mimi naimaliza hapahapa. Hutarara hospitali hata siku moja. Naisukuma kidogo kwa sindano, inazama, anaona."

Nikamfasiria mama. Akauliza, "Inazama wapi?"

"Chini," mzee akasema. "Jicho lina maji ndani yake. Inazama chini kabisa, inakaa huko. Haionekani tena."

Nilipomfasiria hayo mama alisimama ghafla, chai ikamwagika. Alinishika mkono akanivuta nje, yeye asiyeona akiniongoza mimi ninayeona, na nje alirudia maneno mawili tu kwa Kihaya, "Tena? Tena?" Nilidhani anakumbuka sindano ya jicho la kushoto. Nilimsifu kwa akili yake ya kukataa matapeli.

Nilipokuwa napanga kapu lake ndipo nikaona alichobeba. Chini ya kanga, kimekunjwa vizuri, kulikuwa na kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho wazee wetu walizikiwa zamani. Sikukifunua. Nikajua mama anadhani atafia hospitali na amejiandalia sanda. Ndani ya basi nililia nikiwa nimegeuza uso, nikijua haoni. Akaniambia, "Usilie, Justina. Itakuwa vizuri."

Kamanga

Mpango wangu wa daraja uliishia mita mia mbili kutoka majini. Mama alinusa hewa. "Hilo ni ziwa," akasema.

"Ni padogo tu, mama. Hata ng'ambo inaonekana."

Nilitegemea akae chini akatae. Badala yake alivua viatu, akanipa nibebe, akaingia kwenye kivuko peku, akikanyaga bati lile la moto polepole na mkono wake wa kulia umening'inia chini kidogo, vidole vimekunjwa nusu, mkono wa mtu aliyemshika mtoto. Wakati huo nilikuwa nimeacha kujidanganya kwamba sioni. Nilihesabu vitu vingine. Magari manne, ng'ombe sita wa mnadani, wauza michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, wanawake wa Kisukuma na mabeseni ya dagaa.

Katikati ya maji injini ilizimwa. Magugu maji yalikuwa yameteremka usiku, watu wa kivuko wakasema, na sasa yalikuwa yametuzunguka, uwanja mzima wa kijani wenye maua ya zambarau, unaopumua juu na chini. Mngedhani mnaweza kushuka mtembee mpaka Mwanza. Watu walipiga soga saa ya kwanza. Saa ya pili soga zikaisha. Hapakuwa na upepo lakini magugu yalikuwa yakisogea, yakikwaruza bati pande zote, kwaru, kwaru, na ng'ombe wote sita walikuwa wamegeukia upande mmoja, upande aliosimama mama.

Alikuwa ameinama kwenye ukingo. Nikakimbia nikamshika kanga nyuma. Alikuwa akizungumza na maji kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeongea na jirani ambaye hawapatani.

"Ninaye huku," alikuwa akisema. "Umekaa na nguo zake tu. Yeye ninaye huku, na ninampeleka. Tupishe."

Mwalimu wa sayansi ataniambia kuhusu mikondo ya maji, na kijana mmoja wa kivuko naye aliniambia kwamba magugu huenda na kuja yapendavyo. Nakubali. Ninachowaambia ni kwamba mbele yetu ulifunguka mlia wa maji meusi, mwembamba, umenyooka mpaka ng'ambo, injini ikawashwa, na watu waliokuwa karibu yetu wakasogea mbali. Mama alipoketi, muuza michembe mmoja alimwekea fungu zima mapajani bila kuombwa. Mama akaligawa mara mbili.

Igogo

Binamu yangu Leokadia anakaa Igogo, hapo Mwanza. Alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo, sasa anakaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishapandishwa ndege. "Sisi tunakula mchoro wa samaki," aliniambia, "samaki mwenyewe kaenda Ulaya." Nilimpenda kwa mzaha huo, nilikuwa nauhitaji. Mama, ambaye tangu nikiwa na miaka tisa sijamwona akila samaki, alikula kichwa kizima jioni ile. Macho ya samaki aliyaacha pembeni ya sahani, mawili, meupe.

Nyumba ya Leokadia imeegemea jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za Mwanza, na juu ya hilo jiwe limekaa jingine ambalo kwa macho yangu lilikuwa linaanguka. Nilimwambia. Akasema lilikuwa linaanguka hata alipohamia. Nilimweleza pia habari ya lubugo, kwamba mama amekuja kufa. Leokadia akaenda chumbani kulitazama. Alirudi uso umebadilika.

"Umelikunjua?"

"Sijaligusa."

"Nenda kalikunjue."

Nilikwenda. Nililikunjua juu ya kitanda. Halikufika hata nusu ya mtu mzima. Lilikuwa la kumfunika mtoto wa miaka minne.

Kilimani

Daktari wa macho wa hospitali kubwa ya kilimani alikuwa kijana mpole, Msukuma mwenye sauti ndogo. Alimchunguza mama kwa muda mrefu, akasema jicho hili moja ndilo alilobaki nalo, kwa hiyo tuelewane vizuri kabla ya kisu.

"Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi," alisema. "Ni kipande kidogo kinachopitisha mwanga, ukubwa wa harage. Uzeeni kinaweza kuchafuka kikawa cheupe kama maziwa. Hicho ndicho tunachokitoa. Njia ni mbili. Ya zamani, tunakitoa kizima na gamba lake. Jicho linabaki tupu, na bibi atavaa miwani minene maisha yake yote. Bila miwani hiyo ni ukungu mtupu, na ikivunjika kijijini ni taabu. Njia mpya, tunalifungua gamba, tunatoa kiini, ile ngozi ya nyuma tunaiacha, na juu yake tunaweka lenzi ndogo ya plastiki. Haivaliwi, haivuliwi. Zimeanza kutufikia. Mimi ningependa hiyo."

Nami niliipenda palepale. Nilimuuliza hata habari yangu mwenyewe, maana mnajua bila miwani siwezi kumtambua mkuu wa shule mlangoni. Akasema yangu ni macho ya kutoona mbali, lenzi zangu ni safi. Nchi nyingine siku hizi wanachonga uso wa jicho kwa mwanga ili mtu aache miwani, lakini hapa hakuna mashine hiyo, na angekuwa yeye asingelikata jicho linalokubali miwani. "Wewe mwalimu baki hivyo hivyo," akasema.

Nikamfasiria mama yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akaniambia, "Muulize, kwa njia hiyo mpya, ngozi yake itabaki kwangu?"

"Ndiyo, ile ya nyuma."

"Na watamfungua?"

Nikamgeukia daktari.

"Muulize ile ya zamani. Anatoka mzima?"

Daktari alitazama kutoka kwake kuja kwangu. "Bibi anauliza nini?" Nami ndipo nilipolisikia neno lile kwa masikio ya mama, mtoto wa jicho, neno nililolisahihisha kwenye madaftari mara ngapi sijui. Nikamwomba daktari atupe nafasi.

Tulikaa barazani, ziwa lote likiwa chini yetu. Nikamwambia, "Mama, mtoto wa jicho ni ugonjwa. Ni jina tu. Hakuna mtoto."

"Nimejua utasema hivyo."

"Hakuna mtoto, mama. Kemi alipotea kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyefumba macho." Miaka zaidi ya arobaini sijawahi kulisema hilo mbele ya mtu. Nililisema nikiwa nimeshika magoti yangu, mtu mzima mwenye mvi.

Mama alinyoosha mkono akanitafuta uso, akaupata.

"Wewe ulifumba, ndivyo mchezo ulivyo," alisema. "Mimi nilikuwa nimefumbua. Nilikuwa pale juu kwenye mibuni. Nilimwona anashuka, anaingia kwenye matete. Nikasema anajificha, anamchezea dada yake. Nikamtazama mpaka kichwa kikaingia, nikageuka nikaendelea kuchuma. Mimi ndiye niliyemwona wa mwisho, Justina. Ameingilia hapa," akagusa jicho la kulia. "Hakutoka. Lilipoanza kuwa jeupe nikajua amekua. Hao watu wa zahanati hawakuniambia kitu kipya, walinipa jina lake tu."

Kiswahili changu chote cha miaka ishirini na sita hakikuwa na neno la kuweka pale.

"Simtaki vipande," mama akasema. "Na sitaki abaki hata ngozi. Namtaka mzima nikamzike."

Nilirudi kwa daktari nikamwambia mama anachagua njia ya zamani. Alibishana nami, na alikuwa na haki. Mwisho nikamweleza kwa nini. Alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema kwa jicho pekee lililobaki, njia ya zamani si kosa, amewafanyia wengi. Kisha nikamwomba jambo la pili. Akasema hajawahi kuombwa hivyo. Akasema ataona.

Walimchoma ganzi tu, hakulazwa usingizi. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, na kwa dakika zote zile nilikuwa nafungua na kufumba macho, nikiogopa yote mawili. Sista aliyetoka kwanza alikuwa amebeba kichupa cha dawa chenye kifuniko cha mpira. Alinipa bila kunitazama. Ndani ya maji safi kulikuwa na kitu kidogo, cha mviringo, rangi ya maziwa yaliyokaa, kizima, hakina hata mkwaruzo. Kiligeuka polepole, kikatulia.

Mama alikaa wodini siku sita, jicho limefungwa bandeji. Siku ya kwanza aliniambia, "Nilimwona akienda. Kulikuwa na mwanga, naye akauingia. Nilimwona mgongo." Nikamuuliza kama aligeuka. Akasema hakugeuka, alikuwa na haraka, watoto ndivyo walivyo. Tangu siku hiyo hakuacha tena nafasi kitandani, na chakula alikila chote.

Kurudi

Miwani waliyompa ni minene kama kitako cha chupa ya soda. Alipoivaa mara ya kwanza alinitazama hadi nikaona haya, halafu akasema, "Umezeeka." Kisha akacheka, kisha akalia, na sista akamkemea kwa kulowesha jicho.

Daktari alituonya kuhusu miwani hiyo. Vitu vitaonekana vikubwa na karibu, akasema, milango itapinda, na pembeni kutakuwa na mahali ambapo mtu hupotea kabisa kisha hujitokeza ghafla karibu naye. Ni lenzi tu, asiogope. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli na kwa sababu nimejaribu sana kuridhika nayo. Njia nzima mama alikuwa akishtuka kidogo na kugeuza kichwa kushoto, chini, usawa wa kiuno.

"Nani?" nikamuuliza.

"Miwani," akajibu.

Kwenye kivuko safari hii maji yalikuwa wazi. Alisimama mbele kabisa, kichupa amekifumbata, akalitazama ziwa tangu Mwanza mpaka Kamanga. "Kumbe lina rangi hii," alisema. Hakuzungumza nalo. Kondakta wa basi la Geita aliuliza tuko wangapi, nami nikangoja. Mama akasema, "Wawili." Nilishangaa jinsi neno hilo lilivyonihuzunisha.

Tulifika nyumbani Ijumaa. Jumamosi, umande haujakauka, aliniita migombani, kando ya kaburi la baba. Hakutaka mtu mwingine. Alikuwa amekwisha kuchimba shimo dogo kwa mikono. Alikifunga kichupa kwenye lubugo lote, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka kikawa kifurushi cha ukubwa wa mtoto mchanga, akakipakata. Nilisubiri aseme sala. Badala yake aliniambia, "Geukia mgomba. Fumba macho uhesabu."

"Mama."

"Hukumaliza vizuri siku ile. Hesabu."

Nikaegemea mgomba, shina lake baridi, nikafumba macho. Nilihesabu kwa sauti, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Nilisikia udongo ukiangukia lubugo. Nilisikia ndege mmoja, halafu sikusikia ndege. Kumi na tano. Kumi na sita. Nilisikia pumzi za mama, mbele yangu, upande wa pili wa mgomba, pumzi za mtu anayefanya kazi. Kumi na saba. Kumi na nane.

Nilipotamka kumi na tisa niliguswa mgongoni, chini kidogo ya mabega, na kiganja kidogo chenye unyevu.

Nikafumbua macho. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mikono yake yote miwili imezama udongoni hadi kwenye vifundo. Alikuwa ananitazama kupitia miwani ile, macho makubwa, na hakuuliza kitu.

"Kanishinda," nikamwambia.

Mama akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kufukia.